Kwa Nini Moyo Ukae Kulia?

Msikilizaji, weka kiganja kifuani. Moyo unadunda kushoto, sivyo? Wapo wachache ambao daktari akiutafuta hapo haupati: uko kulia, na ini limekaa kushoto. Mwaka 1933 Manes Kartagener, daktari wa Zürich, aliandika juu ya wagonjwa wa aina hii ambao pia hawakuishiwa mafua na makohozi. Lakini kamasi na moyo kukaa kulia, wapi na wapi?

Jibu lilichelewa hadi 1976, tena likatokea kwenye mbegu za kiume. Msweden Björn Afzelius alikuwa akichunguza kwa hadubini ya elektroni mbegu za wanaume wasiozaa. Zilikuwa hai, ila mikia haichezi. Ukikata mkia wa mbegu pingili kama muwa, utaona jozi 9 za vijirija zimezunguka vijirija 2 vya katikati. Kila jozi ina vijikono, na kila kijikono ni protini kadhaa zilizoshikamana, ziitwazo dainini. Vijikono hushika jozi ya jirani na kuisukuma. Ndipo mkia unapopinda. Kwa wanaume wale, vijikono havikuwepo.

Sasa, njia zetu za hewa zimeota vinyweleo vyenye umbo hilohilo, yaani silia. Vinapiga mara kadhaa kwa sekunde, vikipandisha kamasi yenye vumbi na vijidudu hadi kooni, nasi tunaimeza bila habari. Vikilala, kamasi inatuama na vijidudu vinajenga.

Na moyo? Hapa ndipo mimi huvua kofia. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walionyesha kwamba katika kiinitete cha panya kuna kijishimo chenye silia zinazozunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto. Mkondo huo ndio unaouambia mwili kushoto ni wapi. Usipokuwepo, viungo hujipangia kwa bahati nasibu. Ndiyo maana karibu nusu tu ya wagonjwa wenye silia zisizopiga wana moyo kulia.

Kwa kawaida baba na mama wa mgonjwa ni wazima, kila mmoja kabeba nakala moja mbovu ya jeni ileile. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kurithi zote mbili. Mtoto huyo mara nyingi hutokwa kamasi tangu siku zake za kwanza, kiangazi na masika, na nyumbani husema, “Huyu mafua ni yake.” Kwenye hospitali zenye vifaa, daktari hupitisha kijiburashi puani mwake, akachukua chembe chache, akazitazama kwenye hadubini kama vinyweleo vinapiga.