Nunua Shina, Usinunue Picha: Mada Kuhusu Nyinyoro ya Siku Moja

(Mada iliyotolewa kwa vikundi vya bustani na vitalu vya miche vya nyanda za juu)



Katika ziara zetu vikundini tumekuwa tukiulizwa swali moja mara kwa mara. Mwanakikundi anatoa simu, anaonyesha picha ya ua zuri lenye umbo la tarumbeta, la njano au jekundu au la rangi mbili, kisha anauliza: Hili tunalipata wapi? Je, tukiweka fedha za kikundi katika mbegu zake zitarudi? Kwa kuwa fedha hizo zimetokana na hisa za wanachama, tumeona ni vyema swali hili lijibiwe kikamilifu kabla mtu hajafungua mfuko.

1. Ua lenyewe ni lipi?

Wauza maua wengi huliita "lili" tu, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu mimea mingi isiyo ya ukoo mmoja huitwa hivyo. Sisi hapa tutaliita nyinyoro ya siku moja. Jina lake la kitaalamu ni Hemerocallis, linalotokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya siku na uzuri. Ndivyo lilivyo: ua moja hufunguka na kunyauka ndani ya siku moja. Hata hivyo bustani haibaki tupu, kwa kuwa kila bua hubeba vitumba vingi vinavyopokezana. Leo kimefunguka hiki, kesho kile, na shina lililokomaa huweza kuchanua kwa majuma kadhaa.

Asili ya mmea huu ni Asia ya Mashariki, hasa China, Japani na Korea. Kutoka huko ulifika Ulaya, kisha Marekani, ambako wapenzi wake walianzisha chama chao mwaka 1946. Kwa kuchanganya aina mbalimbali, wafugaji wa mimea wamepata aina zilizosajiliwa zaidi ya 90,000.

Namna ya kuutambua ni kuchimba kidogo. Lili halisi ina kitunguu chini ya ardhi. Nyinyoro ya siku moja haina kitunguu. Ina mizizi minene kama vidole, na juu yake majani marefu yaliyopangika pande mbili mfano wa upepeo. Kila upepeo mmoja wa majani ni chipukizi moja. Machipukizi kadhaa yakishikana pamoja ndiyo shina.

Ninyi mnaolima migomba mtaelewa upesi. Chipukizi la mgomba huja na tabia ya mama yake: ukitoa chipukizi kwenye mgomba wa mtori, unapata mgomba wa mtori. Nyinyoro hii nayo ni hivyo hivyo.

2. Kwa nini tusinunue mbegu?

Mbegu za aina zilizochanganywa hazizai mfano wa mama. Ukipanda mbegu za ua jekundu unaweza kupata la njano, la machungwa, au rangi isiyopendeza, na huenda ukasubiri mwaka mmoja hadi mitatu kabla ya kujua umepata nini. Mfugaji wa mimea hufanya kazi hiyo kwa makusudi: anaotesha miche mingi, anachagua michache na kutupa iliyobaki. Kikundi kinachotaka miche ya kuuza hakina sababu ya kupita njia hiyo.

Zaidi ya hayo, kwenye intaneti zimo mbegu zinazouzwa kwa picha za nyinyoro za buluu kama anga. Ndugu zetu, tangu wafugaji waanze kuuchanganya mmea huu, hajapatikana aliyetoa ua lake la buluu halisi. Yapo ya zambarau na ya urujuani, lakini buluu ile ya kwenye picha imetengenezwa na kompyuta. Atakayelipia picha hiyo ataletewa mbegu za kitu kingine, au hataletewa kitu.

Hivyo basi, kanuni yetu ya kwanza ni hii: nunua shina, usinunue picha.

3. Mambo ya kuangalia wakati wa kununua

Kwanza, nenda ukalione shina likiwa limechanua, katika bustani au kitalu cha eneo lenye hali ya hewa kama ya kwenu. Jambo hili lina sababu yake. Nyinyoro hizi zimegawanyika katika makundi matatu. Zipo ambazo majani yake hufa kabisa wakati wa baridi kali na kuchipua tena majira ya kuchipua. Zipo ambazo hubaki na majani mabichi mwaka mzima. Na zipo za katikati. Kundi la kwanza limezoea kulala usingizi wa baridi, na likipelekwa mahali pasipo na baridi hiyo, mengi hudhoofika mwaka hadi mwaka. Wakulima wa Florida, jimbo la kusini mwa Marekani lenye joto, walijifunza kuchagua zaidi zile zenye majani mabichi mwaka mzima. Kwetu sisi, hata kwenye miteremko yenye ubaridi, ushauri ni huo huo. Shina ambalo limekaa kwa jirani miaka mitatu na linachanua vizuri limekwisha kujibu swali.

Pili, hesabu machipukizi. Bei iwe ya machipukizi unayoyaona, kwa kuwa chungu kikubwa chenye chipukizi moja ni chipukizi moja tu. Shina lenye machipukizi mawili au matatu huanza vizuri zaidi.

Tatu, omba kuona mizizi. Iwe migumu na yenye afya. Mizizi iliyolainika na kutoa harufu mbaya imeoza.

Nne, usikimbilie aina mpya. Katika soko la Marekani, aina iliyotoka mwaka huu huweza kuuzwa dola 100 au zaidi kwa shina moja, na baada ya miaka michache ikashuka hadi dola chache, kwa sababu watu wamekwisha kuigawa. Bei ile ya juu hulipia upya wake. Anayetaka bustani nzuri hupata uzuri ule ule katika aina ya zamani iliyothibitika.

4. Kutu: ugonjwa unaosafiri na miche

Hapa tunaomba msikilize kwa makini. Wakulima wa kahawa wanajua kutu ya majani inavyoweza kupukutisha mkahawa. Nyinyoro ya siku moja nayo ina kutu yake, iitwayo Puccinia hemerocallidis. Si ile ya kahawa, wala haihamii kwenye kahawa, lakini tabia zinafanana. Asili yake ni Asia. Mwaka 2000 ilionekana Marekani kwa mara ya kwanza, na kwa muda mfupi ikaenea katika majimbo mengi, kwa kiasi kikubwa ikibebwa na miche iliyokuwa ikiuzwa kutoka kitalu hadi kitalu.

Sasa fikirini tofauti ya huko na kwetu. Kwenye baridi kali majani yote hufa, na kutu iliyo juu yake hufa pamoja nayo. Sisi hatuna baridi ya namna hiyo. Majani yetu ni mabichi Januari hadi Desemba, na aina tunazoshauri kununua ni zile zile zisizopoteza majani. Maana yake ni kwamba mche mmoja wenye kutu, ukifika kwenye kitalu cha kikundi, unaweza kuitunza kutu hiyo mwaka mzima na kuipeleka kwa kila mteja.

Dalili zake ni madoadoa ya njano juu ya jani na unga wa rangi ya machungwa upande wa chini. Futa upande wa chini kwa kitambaa cheupe au karatasi laini: ikibaki rangi ya machungwa, usinunue. Ikiwa mche umekwisha kufika nyumbani, kata majani yote yaliyoathirika, uyachome, na uutenge mche huo.

Kwa hiyo kila mche mpya, hata uliotoka kwa rafiki, ukae peke yake mbali na mingine kwa mwezi mmoja au zaidi, na ukaguliwe kila juma.

Vilevile tunawasihi wenye ndugu ng'ambo: msiwaombe wawafichie machipukizi kwenye sanduku la nguo. Kuingiza mmea nchini kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Hapa Tanzania jambo hili liko chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na linasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Wengine huona masharti haya kuwa usumbufu. Lakini anayekwepa ukaguzi kwa ajili ya ua huhatarisha pia migomba, kahawa na maharage ya jirani zake, maana udongo uliong'ang'ania kwenye mizizi hubeba mengi yasiyoonekana kwa macho.

5. Kupanda na kutunza

Mmea huu hauna makuu, lakini unataka jua, walau saa 6 kwa siku. Katika kihamba, chini ya migomba na miti mikubwa, utatoa majani na maua machache. Mahali pake ni mbele ya nyumba, kando ya njia, au kwenye ukingo wa mteremko, ambapo mizizi yake husaidia kushika udongo.

Panda mwanzoni mwa mvua, za vuli au za masika. Lainisha udongo na uchanganye samadi iliyooza vizuri. Tengeneza kilima kidogo ndani ya shimo, tandaza mizizi pande zote, kisha fukia ili mahali majani yanapokutana na mizizi pawe chini ya udongo kwa sentimita 2 au 3 tu. Ukizamisha zaidi, mche hudumaa. Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 45 hadi 60. Maji yasituame.

Mwagilia chini, kwenye udongo, maana majani yenye unyevu hukaribisha kutu. Tandaza majani makavu ya migomba kuhifadhi unyevu, yasigusane na shina. Ondoa maua yaliyonyauka na vibegu vichanga ili nguvu irudi kwenye mizizi.

6. Kugawa na kuuza

Baada ya miaka mitatu hadi mitano shina hubanana na maua hupungua. Huo ndio wakati wa kugawa. Ng'oa shina zima, kung'uta udongo, punguza majani yabaki kama sentimita 15, kisha tenganisha machipukizi kwa mikono au kisu safi, kila moja likiwa na mizizi yake.

Tuchukue mfano. Kikundi kinanunua mashina 5 yenye machipukizi matatu matatu, jumla 15. Tuseme baada ya miaka miwili kila chipukizi limekuwa matatu. Sasa yapo 45. Kikundi kinabakiza 15 kama mama, na 30 ni ya kugawana au kuuza. Mtaji haukuongezwa. Kilichohitajika ni subira, jembe na samadi.

Lakini tujue tunauza nini. Ua la siku moja halifai kukatwa na kufungwa mashada ya kupeleka sokoni, maana jioni limekwisha. Biashara yake ni ya miche. Na biashara ya miche inasimama juu ya uaminifu, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuona rangi ya ua ambalo halijatoka. Kwa hiyo kila shina mama liwe na kibao chenye jina au rangi iliyoonekana kwa macho. Machipukizi yakichanganyika, yauzwe kwa kusema wazi kuwa yamechanganyika. Mteja aliyeahidiwa jekundu akapata la machungwa hatarudi, na atawaambia wenzake.

7. Tahadhari

Aina ya kawaida ya rangi ya machungwa hutambaa kwa vikonyo vya chini ya ardhi. Huko Marekani imetoroka bustanini na kusongamana kando ya barabara. Mabaki yake tusiyatupe kwenye mifereji wala mitoni.

Huko China vitumba vya baadhi ya nyinyoro hizi hukaushwa na kuliwa kama mboga. Tafadhali, mtu asisikie hili akala ua lolote linaloitwa lili. Gloriosa, ambayo huota yenyewe hapa kwetu na pia huitwa lili, ina sumu inayoweza kuua, hasa kwenye viazi vyake. Wenye paka nao wajue kuwa nyinyoro ya siku moja ni sumu kwa paka.

Ndugu wanakikundi, tunapendekeza jambo moja la kuanzia. Kabla ya mvua zijazo, kila kikundi kizunguke kijijini kwake kikatafute mashina ambayo yamekwisha kuzoea udongo wetu, kiyaone yakiwa yamechanua, kiyakague kwa kitambaa cheupe, ndipo kizungumze bei na mwenyewe. Huenda mengi ya yale mnayoyatafuta kwenye simu yapo kwa mama mmoja jirani, ambaye anahitaji tu mtu wa kumsaidia kuyagawa.