MCHE, MAJI YA CHUMVI NA SADAKA ISIYOKATIKA
(Mada kwa vijana na wazazi, mwezi mtukufu wa Ramadhan)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, leo sitazungumza juu ya yale yanayobatilisha funga. Hayo mmeyasikia kwa masheikh wetu. Nataka tuzungumze juu ya kokwa ya tende. Jioni, inshaallah, kila mmoja wetu atafuturu kwa tende. Je, zile kokwa huenda wapi? Si jaani?

Katika hadithi ya Anas bin Malik (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Hebu fikiria: wewe umelala kaburini, na mbuzi wa jirani anakuchumia thawabu!

Sasa mtu ataniambia: "Bwana, hapa ni Garissa. Mvua ni takriban milimita 300 kwa mwaka, tena ikipenda. Ukiuacha Mto Tana, ni visima tu, na vingi vina chumvi." Ni kweli. Ile hifadhi kubwa ya maji ya ardhini iitwayo Merti yatoka upande wa Isiolo, yapita Habaswein na Dadaab hadi Liboi. Katikati yake maji ni matamu kiasi, lakini kandokando chumvi inazidi. Lakini tusome Surat Fatir, aya ya 12. Mola ametaja bahari mbili, moja tamu na moja ya chumvi. Hazilingani, na bado katika zote mbili ameweka riziki. Basi maji ya chumvi nayo ni neema, ila yana adabu zake.

Chumvi huuaje mche? Mizizi hunywa kwa kuvuta maji kutoka udongoni. Udongo ukijaa chumvi, chumvi nayo huyashika maji. Mche hufa kwa kiu huku udongo umelowa. Tena jua letu hukausha maji na kuiacha chumvi juu, nyeupe kama unga. Ukiona ncha za majani zimeungua, hiyo ndiyo dalili.

Dawa ni hizi:

Kwanza, chagua mti. Mtende ni bingwa wa kustahimili chumvi. Mti wa mswaki, ule caday wetu, ni bingwa pia. Mkunazi na mwarobaini hujitahidi. Mlimau na mparachichi usivitese kwa maji hayo. Kama kuna afisa wa maji karibu, mwombe akupimie. Chini ya desisimensi 0.7 kwa mita, maji hayana tatizo. Yakipita 3, ni ya kuogopwa kwa mimea mingi.

Pili, udongo. Changanya udongo sehemu tatu, mchanga moja, na samadi moja. Samadi ya mbuzi na ngamia tunayo tele, alhamdulillah. Hiyo hulegeza udongo, hushika unyevu na kulisha mche. Lakini iwe imeoza vizuri, miezi kadhaa. Samadi mbichi huunguza, na yenyewe ina chumvi.

Tatu, toboa matundu chini ya kopo. Maji yasipopata pa kutokea, chumvi hubaki humo humo.

Nne, mbegu iote kwa maji matamu, kama ya mvua uliyokinga. Kokwa iloweke siku mbili ukibadilisha maji, kisha uizike. Mche ukishapata nguvu, uzoeshe maji ya chumvi kidogo kidogo.

Tano, mwagilia jioni, chini kwenye shina, si juu ya majani. Funika udongo kwa nyasi kavu. Na kila baada ya mara tatu nne, mwaga maji mengi mpaka yatoke chini, yaisukume chumvi nje.

Lakini tahadhari mbili. Mtende wa kokwa huenda ukawa dume, usizae, kwa hiyo pandeni kadhaa. Na si kila mti unaostahimili chumvi ni rafiki. Mathenge ulienezwa miaka ya 1980 kwa nia njema, leo umefunga njia na malisho.

Kisha kuna haki ya maji. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfululizo, na mifugo ikafa kwa wingi. Siwezi kumwambia mama aliyebeba jerikeni kwa kilomita kadhaa aimwagie miti. Maji ya kunywa ni ya watu na wanyama kwanza. Mche upewe yale yasiyonyweka, na yale ya udhu. Kila msikiti una mfereji wa udhu. Uelekezwe kwenye mtende, yasipotee bure.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitoa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Vizuri. Lakini kupanda ni siku moja, kulea ni miaka. Mche uliopigiwa picha na kuachwa ukauke, huo ni amana iliyovunjwa.

Basi nyumba moja, kopo moja, kokwa tatu. Mtoto apewe kazi ya kumwagilia baada ya Alasiri, na mbuzi wazuiwe kwa miiba. Ramadhan ijayo, tukiwa hai, tuulizane: uko wapi mche wako?

Allah atutakabalie funga zetu na atunyeshee mvua ya rehema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.