Moyo wa Mbuzi Katika Maji ya Chumvi



Mwanafunzi aliyeuona moyo katika picha ya ubaoni tu hudhani ya kuwa pande zake mbili ni sawa. Lakini mpeni moyo wa mbuzi uliopasuliwa, aubonyeze kwa vidole. Ataona mwenyewe kuwa ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Maana huo husukuma damu mwilini mwote, na wa kulia huipeleka mapafuni tu. Jambo hilo halisahau. Taabu yetu ni kwamba nyama huoza upesi, na dawa ya kuihifadhi ni ghali.

Siku moja tulinunua moyo kwa mchinjaji, tukautia mzima katika maji ya chumvi, tukadhani kazi imekwisha. Baada ya siku chache darasa halikukalika kwa harufu. Kosa lilikuwa letu: damu iliganda ndani, wala chumvi haikufika katikati.

Sasa twafanya hivi. Kwanza twaupasua moyo na kuuosha damu. Kisha twautia katika fomalini, sehemu 1 ya dawa ya dukani kwa sehemu 9 za maji, na mchanganyiko huo uwe mara 10 ya nyama yenyewe. Baada ya wiki mbili twauosha kwa maji safi siku nzima, ndipo twauhamishia katika maji yaliyoshiba chumvi, yaani gramu 360 hivi kwa lita 1, hata nyingine ibaki chini bila kuyeyuka. Kifuniko cha chupa kisiwe cha chuma, kisije kikaliwa na kutu.

Chumvi haiko mbali. Huko Uvinza, kusini ya Kasulu, watu walianza kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi zaidi ya miaka 1000 iliyopita.

Tena iko faida ya afya. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliihesabu fomaldehidi, hewa itokayo katika fomalini, kuwa yaleta saratani kwa binadamu. Basi mwalimu aichanganye nje penye upepo, amevaa glavu, na wanafunzi wakae mbali. Chupa ya chumvi ndiyo iingie darasani.

Walimu wenzetu, anzeni na moyo mmoja.