Nauli rahisi huhesabiwa kutoka mlangoni

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za mijini. Zamani kuwa na mtoto Ulaya lilikuwa jambo la nyumba moja katika mtaa mzima. Siku hizi mmoja yuko Birmingham, mwingine Toronto, na bibi yuko Temeke anasubiri kuwaona wajukuu. Basi kila anapotakiwa mtu kusafiri, swali la kwanza huwa ni hili: tuondokee wapi ili nauli ipungue?

Swali hilo si la kijinga. Nauli ya ndege haifuati umbali peke yake. Hufuata idadi ya mashirika yanayogombea abiria, msimu, na kodi za kiwanja. Nairobi ina ndege zinazokwenda London moja kwa moja, wakati sisi wa Dar es Salaam tunabadilisha ndege Addis Ababa, Dubai, Doha au kwingineko. Kwa hiyo zipo siku ambapo tiketi ya kuanzia Nairobi huwa rahisi kuliko ya kuanzia hapa.

Mwaka 2019 niliikuta siku kama hiyo. Mama yangu, wakati huo akiwa na miaka 71, alikuwa anakwenda Birmingham kwa mdogo wangu, kumwona mjukuu ambaye alikuwa hajawahi kumshika. Tiketi ya Nairobi ilikuwa pungufu kwa dola 210. Nikafurahi, nikajiona bingwa wa hesabu. Nikakata tiketi, nikamwambia mama kwamba tutapanda basi alfajiri, tutapita Namanga, na usiku uleule atapanda ndege.

Ndugu wasikilizaji, basi liliharibika baada ya Korogwe. Tulikaa chini ya mti kwa saa nne. Mama alikalia begi lake, miguu ikaanza kuvimba, wala hakulalamika. Tulipofika Nairobi ndege ilikwisha kuruka. Tiketi ilikuwa ya aina ile ambayo kubadilisha tarehe ni kwa faini.

Sasa sikilizeni hesabu. Nauli za basi, yaani yake ya kwenda na yangu ya kwenda na kurudi, dola 90. Vyumba viwili vya kulala wageni kwa siku mbili, dola 80. Chakula na teksi, dola 45. Faini, dola 150. Jumla dola 365, ili kuokoa dola 210! Na hapo sijaingiza safari ya kwenda kumpokea aliporudi. Waswahili husema akiba haiozi, lakini hii yangu iliozea njiani.

Lakini kilichoniuma zaidi si fedha. Mpokea sifa ya kuokoa nilikuwa mimi, na aliyelipa kwa miguu na mgongo alikuwa mama. Alipofika kwa mdogo wangu alilala siku tatu kabla ya kuweza kumbeba mtoto. Aliporudi aliniambia maneno machache tu: “Mwanangu, safari nyingine niletee hiyo hesabu niipige mimi.”

Mtihani wa pili ulikuja mwishoni mwa mwaka 2025, mdogo wangu alipotaka kuja nyumbani na mkewe na watoto watatu, wote chini ya miaka 12. Uingereza inatoza kodi ya abiria wa ndege, iliyoanzishwa mwaka 1994. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, abiria wa daraja la kawaida anayekuja pande zetu alitozwa pauni 90. Marafiki wakamshauri aanzie Dublin, kwa kuwa Ireland ilifuta kodi yake ya namna hiyo mwaka 2014. Wengine wakamtajia Inverness, kaskazini ya Scotland, ambako abiria wanaoondokea hapo wamesamehewa.

Yeye alichukua kalamu, akazidisha 90 kwa watu watano, akapata 450. Nikamwambia, ndugu yangu, usikimbie. Watoto wa chini ya miaka 16 wanaokaa daraja la kawaida wamesamehewa tangu mwaka 2016. Kwa hiyo kodi ni ya watu wazima wawili, pauni 180. Na kwenda Dublin kwa ndege nako kuna kodi, pauni 13 kwa kila mtu mzima. Ikabaki pauni 154, nazo zinunue viti vitano vya kwenda Dublin na vitano vya kurudi. Tena mkewe bado anatumia pasi ya Tanzania, na kibali cha kuishi Uingereza hakimruhusu kuingia Ireland bila viza. Inverness nayo ni mbali mno na Birmingham. Inamfaa aliye jirani nayo. Wakaondokea Birmingham kwao, wakafika salama, na mama akawapokea kiwanjani akiwa amesimama kwa miguu yake.

Sisemi kwamba kiwanja cha mbali ni kibaya daima. Kijana mmoja mwenye begi dogo na siku za kutosha anaweza kuokoa fedha za maana. Mkazi wa Arusha anaweza kuona Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam. Ninachosema ni kwamba hesabu ianzie mlangoni, isianzie kiwanjani. Weka nauli ya barabara, malazi, viza, kadi ya chanjo, na mtu wa kusindikiza. Uliza pia kama safari yote imo katika tiketi moja. Ukiwa na tiketi mbili mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni kwako, na mizigo utaichukua na kuipeleka upya mwenyewe.

Na mwisho, kabla hujalipa, muulize atakayesafiri. Huenda hizo dola 210 yeye angezitoa kwa furaha ili afike akiwa na nguvu za kumbeba mjukuu.