Mwana wa Seremala



Tumo katika majuma ya Majilio. Kila mwaka, majuma haya yafikapo, barabara ipandayo kutoka Himo kuja Marangu huanza kujaa magari. Wana na binti wa mlimani wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Nairobi na mbali zaidi. Migomba inafyekewa, nyumba zinafunguliwa madirisha, bibi na babu wanakaa barazani wakisikiliza ngurumo ya kila gari. Ni desturi njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini mtu akipita katika vihamba hivyo hivyo mwezi wa Mei au wa Agosti, ataona jambo jingine. Ataona nyumba nzuri za matofali, zenye vioo na milango ya mbao za thamani, zimefungwa kufuli. Mwenye nyumba ukimwuliza aliijenga kwa ajili ya nani, atajibu bila kusita: nimewajengea watoto wangu. Hilo ni neno la upendo, na hakuna wa kulidharau. Hata hivyo yatupasa kuuliza: watoto hao walikuwa wapi msingi ulipochimbwa? Je, walishika hata tofali moja? Je, wanajua maji ya mvua hupita upande gani wa kihamba, au ni nani aliyeupanda mparachichi ulio nyuma ya jikoni? Nyumba imejengwa kwa ajili yao; haikujengwa pamoja nao. Katika tofauti ya maneno haya mawili ndimo lilimo somo letu la leo.

Tufungue Injili. Katika Mathayo, sura ya 13, watu wa Nazareti wanamtaja Bwana wetu kuwa ni mwana wa seremala. Katika Marko, sura ya 6, watu wa mji ule ule wanamtaja yeye mwenyewe kuwa ni seremala. Wasomaji wengi hupita hapo haraka. Lakini sisi tusimame kidogo. Huyu aliyekuwa mwana wa seremala amekuwa seremala. Jambo hilo lilitendeka lini, na kwa njia gani?

Luka anatuonyesha Yesu akiwa na umri wa miaka 12 hekaluni; kisha anatuambia kwamba alipoanza kazi yake alikuwa na umri wa miaka ipatayo 30. Kuhusu ile miaka 18 iliyo katikati, Injili karibu zinanyamaza. Twaambiwa tu kwamba alirudi Nazareti, akawatii wazazi wake, akakua. Tena kuna ukimya mwingine wa ajabu zaidi. Katika Injili zote nne, Yosefu hakuandikiwa hata neno moja alilolinena. Mariamu amenena, Zakaria amenena, mzee Simeoni amenena. Yosefu hakuandikiwa neno. Hata hivyo watu wa Nazareti walipomtazama Yesu, waliikumbuka kazi ya Yosefu. Baba ambaye hatuna hotuba yake hata moja alijulikana kwa kazi iliyokuwa mikononi mwa mwanawe.

Ndugu wapendwa, kazi ya namna hiyo haifundishwi kwa barua wala kwa simu. Hufundishwa mmoja ameshika upande huu wa ubao na mwingine upande ule. Hapo ndipo mzazi na mtoto wanapopata kuongea. Wazazi wengi wanalalamika wakisema: kijana wangu haniambii kitu, nikimwuliza habari za shule hujibu neno moja, nzuri, kisha hunyamaza. Pengine ni kwa sababu ameketishwa mbele ya mzazi kama shahidi mbele ya hakimu. Mpe kijana huyo nyundo, nawe ushike msumeno, macho yenu wote wawili yakiutazama ubao. Baada ya saa moja utasikia mambo ambayo hukuyasikia mwaka mzima. Mikono ikiwa na kazi, moyo hupata nafasi ya kufunguka.

Wazee wetu wa mlima huu walilijua jambo hili. Walichimba mifongo, ile mifereji iletayo maji kutoka makorongoni hadi vihambani, bila vyombo vya kisasa vya kupimia mteremko, na maji yakafika. Mfongo haukuwa kazi ya kumalizika siku moja. Mawe ya kwenye kinywa cha mfereji yalichukuliwa na mafuriko, kingo zilibomoka, udongo ulijaa ndani. Kwa hiyo siku ya kuutengeneza, watu wa ukoo waliitwa, na asiyefika alitozwa faini. Vijana walikwenda na baba zao. Huko walijifunza kupanga mawe na kuziba nyufa. Lakini zaidi ya hayo walijifunza zamu ya maji ni ya nani, ni jirani gani asiyepaswa kunyimwa, na mababu walitoka wapi. Mingi ya mifongo hiyo leo imekauka. Maji ya bomba yamekuja, nayo ni baraka. Lakini mfongo ulipoachwa, ile siku ya baba na mwana kwenda pamoja korongoni nayo ikaachwa, wala hakuna bomba liletalo kitu hicho.

Tazameni pia jirani zetu wa Mamba, kwenye koo za wahunzi. Katika kazi ya uhunzi, mtoto haanzi kwa nyundo. Huanza kwa mivukuto, akiupulizia moto, akitazama rangi ya chuma inavyogeuka, hadi siku baba amwambiapo: sasa piga wewe. Na tuutazame mlima wenyewe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, katika mteremko huu huu wa Kilimanjaro, kuwa mahali pa urithi wa kilimo kwa ajili ya kilimo chake cha kihamba, ambamo migomba, kahawa na miti mirefu huishi pamoja. Dunia imeheshimu kitu ambacho hakikuchorwa na mhandisi ofisini. Kilitengenezwa na jamaa za nyumbani, wakubwa kwa wadogo, msimu kwa msimu.

Sasa tunajua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema: mimi si fundi. Ndugu yetu, hukuitwa kujenga kanisa kuu. Ukikosea, mtoto ataona mtu mzima akikosea, aking'oa msumari na kuanza upya. Somo hilo ni la thamani, na si mara nyingi hupatikana darasani.

Wa pili atasema: sina wakati, nimepata likizo ya siku 10 tu, na kuna harusi mbili na kipaimara. Kwake twasema: toa asubuhi moja. Zawadi iliyonunuliwa mjini hufunguliwa kwa dakika moja. Asubuhi moja ya kazi ya pamoja hukumbukwa hata mzazi akiisha kuzikwa.

Wa tatu anasema neno zito zaidi: mtoto ataniharibia. Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii hufa. Mtoto amepiga msumari, umepinda. Baba anamnyang'anya nyundo na kusema: toka hapo, utaniharibia mbao zangu. Mbao imeokolewa. Lakini mtoto ameondoka akiwa amejifunza kwamba mbele ya baba yake yeye ni hasara. Mbao moja bei yake inajulikana, na nyingine itapatikana. Moyo wa mtoto hauuzwi dukani. Basi baba na amwonyeshe jinsi ya kuunyoosha msumari ule juu ya jiwe, kisha amrudishie nyundo.

Huenda wengine wanadhani kwamba maneno haya ni ya baba na wana wa kiume peke yao. Sivyo. Fungueni kitabu cha Nehemia, sura ya 3, panapoorodheshwa watu walioujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Katikati ya majina mengi yupo Shalumu mwana wa Haloheshi, mkuu mwenye mamlaka, aliyejenga sehemu yake yeye pamoja na binti zake. Andiko linawataja bila kushangaa. Walikuwapo, wakajenga, wakaandikwa. Hapa kwetu, desturi ya zamani ya kihamba ilimtazama mtoto wa kiume. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Basi binti naye ashike sepetu, naye apande masale kwenye mpaka pamoja na wazazi wake. Siku ya ugomvi wa mpaka, ushahidi wa aliyepanda kwa mkono wake utakuwa na nguvu kuliko wa aliyesimuliwa.

Wala maneno haya hayawahusu wenye baba na mama peke yao. Wako akina mama wanaolea peke yao. Wako mabibi na mababu walioachiwa wajukuu. Msidhani mmepungukiwa. Bibi anayemfundisha mjukuu kusuka kikapu, au kuezeka upya banda la kuku kwa majani makavu ya migomba, anajenga nyumba ambayo mvua haiibomoi.

Tuweke pia mpaka ulio wazi. Kujenga pamoja na mtoto si kumfanya kibarua. Mzazi akikaa kivulini huku mtoto akibeba mawe, huo si umoja. Na kumwondoa mtoto shuleni kwa sababu ya kazi ni kumwibia. Alama ya kazi tunayoisema ni hii: mikono ya mzazi nayo imechafuka.

Basi, wapendwa, tupendekeze kazi moja kwa ajili ya Krismasi hii. Katika nyumba nyingi za Marangu ng'ombe hulishwa zizini, na ndani ya zizi imo hori. Mara nyingi ubao mmoja wa hori umeoza, na majani yanaanguka kwenye tope. Kabla ya siku ya sikukuu, mzazi na mtoto waende pamoja wakaitazame. Wapime urefu, wachague ubao, wakate, wapige misumari, na mtoto aujaribu uimara wake kwa mikono yake mwenyewe. Kisha jioni ya mkesha, isomwapo kanisani habari ya Mtoto aliyelazwa katika hori ya kulia ng'ombe, mtoto huyo hatahitaji kuelezwa hori ni kitu gani. Atajua uzito wake, harufu yake, na mahali mwiba wa ubao ulipomchoma kidole. Atajua kwamba Mungu, alipoamua kuja kukaa na watu, hakukaa mbali akatuma zawadi. Alikuja mwenyewe, akakubali kulelewa na fundi, akajifunza kazi.

Na Januari, magari yatakapoteremka tena kuelekea Himo, nyumba nyingi zitafungwa kufuli kama kawaida. Lakini palipo na ubao uliopigiliwa na mtoto, pana sababu ya mtoto huyo kurudi. Atataka kuona kama bado umeshika.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyemkabidhi Mwanao mikononi mwa seremala wa Nazareti, wape wazazi uvumilivu mbele ya msumari uliopinda. Wape watoto furaha ya kushika kitu walichokitengeneza. Uwakumbuke watoto wasio na wa kuwashika mkono, ukawape watu wazima watakaowaita karibu na kazi. Walinde wote walio njiani kuja nyumbani, ili watakapofika wajenge pamoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.