Mazungumzo juu ya Kinga: Chagua Njia Yako Mbele ya Kutoka

Leo hatutazungumza juu ya malaria wala juu ya maji ya kunywa. Tutazungumza juu ya kinga, ndiyo baisikeli, na juu ya njia unayopita nayo ukiingia mjini Lubumbashi na ukitoka.

Labda utauliza: mwalimu wa wauguzi anaingilia mambo ya barabara kwa nini? Jibu ni hili: barabara inatuletea wagonjwa. Shirika la Afya Ulimwenguni, ndilo OMS, lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu karibu 1 190 000 walikufa duniani kwa aksida za barabarani. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, hakuna ugonjwa unaoua kuliko barabara. Na karibu 9 katika kila wafu 10 ni watu wa inchi maskini na za katikati, kama yetu. Basi jambo hili ni la lupitalo kabisa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Baba mmoja aliletwa kwetu akiwa amevunjika mfupa wa bega. Kazi yake ilikuwa kubeba makala kwa kinga mpaka mjini. Alipopona, nilimwambia: «Baba, uangalie barabara.» Akanishukuru, akaenda. Nyuma ya miezi michache akarudi, na mara hii ni mguu. Ni hapo tu nilimwuliza: «Baba, unapitaka wapi? Na saa gani?» Akajibu: «Mama, ninapitaka barabara ya Likasi, usiku. Ile njia ya udongo iko na muchanga mingi, na magunia tatu kinga inazama. Na nikifika kisha jua kupanda, bei ya makala inakwisha kushuka.»

Unaona? Hakuwa mjinga. Alikuwa na sababu mbili nzuri: mchanga na bei. Neno langu la «angalia barabara» halikugusa hata moja. Nilimpa neno tupu, sawa na kumpa mgonjwa karatasi bila dawa. Mguu wake haukurudi kuwa kama zamani, na leo ni mtoto wake wa kwanza anayeendesha ile kinga. Kwa ajili ya kijana huyo, na kwa ajili yako, ninaandika mazungumzo haya.

1. Jua barabara za mji wako

Kuko barabara kubwa chache zinazoingia Lubumbashi. Ya Likasi inatoka upande wa kaskazini-magharibi, kilometa karibu 120. Ya Kasumbalesa inatoka kusini-mashariki, kwenye mpaka wa Zambia, kilometa karibu 90. Hizi mbili ni barabara moja ya taifa, nambari 1, na kamio za madini zinapita humo mchana na usiku. Kuko tena ya Kipushi, kilometa karibu 30, na ya Kasenga inayokwenda mpaka mto Luapula. Katikati ya barabara hizo, mtaa wa Annexe unazunguka mji kama mshipi, na ndani yake kuko vijia vingi vya udongo ambavyo havina jina. Watu wa kinga wanavijua kuliko mtu yeyote.

Barabara kubwa ina lami, na kinga yenye mzigo inapenda lami. Kijia kina mchanga, lakini hakina kamio. Hiyo ndiyo shida yetu yote kwa maneno mafupi.

2. Uliza kama mwuguzi

Mwuguzi mzuri hatoi dawa mbele ya kuuliza, kutazama na kuandika. Fanya vile na njia yako. Uliza watu watatu wanaopita kila siku, usiulize mmoja tu. Usiwaulize, «Njia hii ni nzuri?» Kila mtu atasema ndiyo. Waulize: «Ulianguka wapi? Unashuka na kusukuma wapi? Wakati wa mvua unageuka wapi? Wapi unaona woga?» Pahali watu wawili wanataja bila kusikilizana, hapo kuko hatari ya kweli. Tia alama kwenye karatasi.

Kisha pita mwenyewe, bila mzigo. Lakini usijaribu siku ya Mungu! Siku ile barabara ni tulivu na itakudanganya. Jaribu siku ya kazi, saa ile ile utakayopita na mzigo.

3. Mambo matano ya kutazama

*Pembeni ya lami.* Je, kuko udongo mgumu pembeni, pahali unaweza kukimbilia kamio ikija? Au lami imevunjika kama meza, na chini ni shimo? Barabara ambayo haina pahali pa kukimbilia ni mbaya hata kama lami yake ni laini. Kumbuka hesabu hii: motokari inayokwenda kilometa 60 kwa saa inapita karibu metre 17 kwa kila segonde. Ikienda 80, ni metre 22. Dereva anaomba karibu segonde nzima kuona na kukanyaga breki, na breki yenyewe haijaanza kushika.

*Kamio za ngambo.* Zambia na Tanzania wanapita upande wa kushoto, na usukani wa kamio zao uko kuume. Sisi tunapita kuume. Basi dereva wa kamio ile anakaa upande wa mfereji. Akitaka kupita kamio nyingine, haoni mbele mpaka amekwisha kutoa kichwa cha motokari katika upande wako. Wewe unayekuja toka mbele, atakuona kwa kuchelewa. Kwa hiyo, kwenye barabara ya Kasumbalesa, ukiona kamio mbili zinafuatana karibu-karibu mbele yako, usingoje: shuka kwenye udongo, simama, uziache zipite. Na nyuma ya kamio yoyote, shika neno hili moja: kama huoni uso wa dereva ndani ya kioo chake, yeye pia hakuoni.

*Pahali pa kukata.* Hesabu mara ngapi njia yako inaomba kugeuka kushoto mbele ya motokari. Kila mara ni hatari. Ni heri njia ya mizunguko ya kuume, hata ikiongeza dakika kumi. Kama hakuna namna, shuka, simama kuume, tazama pande zote mbili, uvuke kwa miguu ukisukuma. Hakuna haya katika kusukuma.

*Reli.* Reli ilifika mjini kwetu mwaka 1910, na hata leo inakata barabara pahali pengi. Gurudumu likiingia sambamba na chuma linakamatwa, nawe unaanguka mbele ya motokari iliyo nyuma yako. Kata reli moja kwa moja, kama herufi ya msalaba. Wakati wa mvua chuma kinateleza: shuka.

*Mitelemko.* Kinga yenye magunia tatu inaweza kubeba zaidi ya kilo 100. Kupanda kunachosha, lakini kushuka kunaua. Breki iliyolowa maji haishiki vizuri. Kama njia yako ina mtelemko unaoishia kwenye barabara kubwa au kwenye soko, chagua nyingine, au shuka juu kabisa, si katikati, pahali kinga imekwisha kukushinda.

4. Saa ni sehemu ya njia

Njia moja, saa mbili mbalimbali, ni njia mbili. Usiku dereva anaona tu kile ambacho taa yake inagusa, na gunia la makala ni jeusi. Shona kitambaa cheupe nyuma ya mzigo, tena kipana. Tia kioo chekundu cha kurudisha mwangaza, na taa kama unayo. Lakini kitambaa hakitoshi. Dawa kubwa ni kupanga safari ili sehemu ya giza iwe kwenye kijia karibu na kwako, pahali hakuna kamio, na uingie kwenye lami wakati kumekucha.

Utaniambia: «Mama, na bei?» Ni ulizo la haki. Bei hainunui mguu, lakini watoto nao wanakula kila siku. Watu fulani wanapatana na mama mmoja anayeuzisha makala sokoni: yeye anapokea mzigo siku zilizopangwa, kwa bei moja, hata ukifika jua likiwa juu. Labda utapata franka kidogo pungufu kuliko yule anayefika wa kwanza. Fanya hesabu hiyo nyumbani na mke wako, na hesabu pia ni franka ngapi zinapotea mtu akilala miezi mitatu na mguu ndani ya plasta.

5. Upepo na vumbi

Mtu anayeendesha kinga kwa nguvu anavuta hewa mara nyingi zaidi kuliko mtu aliyekaa. Kwa hiyo moshi wa kamio na vumbi la madini vinamwingia zaidi. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana ndani ya mkojo. Wengine waliopima udongo kuzunguka shimine kubwa ya Gécamines walikuta metali nyingi upande wa kaskazini-magharibi, kwa sababu upepo wa kusini-mashariki ulipeleka moshi kule miaka mingi.

Basi, wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, tazama kwanza vumbi linakwenda upande gani. Kama kuko njia mbili, shika ile ambayo upepo unasukuma vumbi mbali nawe. Kitambaa puani kinazuiza vumbi kubwa, lakini moshi mwembamba unapita. Kukaa mbali na barabara, hata metre makumi machache, kunasaidia kuliko kitambaa.

6. Kwenda na kurudi si lazima iwe njia moja

Neno hili lilitoka kwa yule baba mwenyewe, si kwangu. Tulikaa naye, na kijana wake, na wabebaji wengine wawili, tukachora barabara kwa kijiti chini ya mwembe. Mimi nilikuwa natafuta njia moja nzuri, wala sikuiona. Yeye akasema: «Mama, mzigo unakuwaka wa kwenda tu. Kurudi kinga iko tupu.» Kweli! Kinga tupu haiogopi mchanga. Hivi kijana anaingia mjini kwa lami, mchana, pahali pembeni kuko pana. Anarudi kwa vijia vya Annexe, wakati amechoka na jua ni kali na madereva nao wamechoka. Nusu ya safari zake zimetoka kwenye barabara ya kamio, bila kupoteza gunia hata moja.

Nusu nyingine bado iko. Sitakudanganya kwamba hatari imekwisha. Asubuhi moja moja ninasikia kamio ikipiga honi mbali, ninamkumbuka.

7. Mbele ya kutoka nyumbani

Kaza breki na jaribu kuisukuma kinga ikiwa na mzigo. Tazama mipira na mnyororo. Funga mzigo usipite upana wa mikono yako. Chukua maji ya kunywa. Vaa kofia ngumu kama unaweza kuipata, kwa sababu kichwa kilichopigwa hakina plasta. Mwambie mtu wa nyumba: «Leo ninapita njia hii, nitarudi saa hii.» Ukichelewa, watajua pa kukutafuta. Na ukianguka, hata kidonda kikiwa kidogo, kioshe kwa maji safi na sabuni, kisha uende kwenye kituo cha afya waulize juu ya chanjo ya pepopunda, kwa kuwa udongo wa barabara unabeba ugonjwa ule.

Jirani zetu wa Tanzania wakisema «kinga», wanataka kusema kujizuiza na ugonjwa mbele haujafika. Sisi tunasema kinga, tunaona magurudumu mawili. Mimi ninafikiri maneno haya mawili yanaweza kukaa pamoja katika nyumba moja.

Maulizo ya kujibu pamoja nyumbani

1. Katika njia yako ya kila siku, ni pahali gani panakutia woga? Ulikwisha kumwambia mtu?
2. Hesabu mara unazogeuka kushoto mbele ya motokari. Unaweza kupunguza ngapi?
3. Sehemu gani ya safari yako inaangukia usiku? Unaweza kuihamishia kwenye kijia?
4. Je, unaweza kurudi kwa njia nyingine kuliko ile uliyoendea?
5. Nani katika nyumba yako anajua, leo hii, unapita wapi?