Kuishi na Kisukari Kisii na Nyamira

Kisukari cha aina ya pili hutokea mwili unaposhindwa kuitumia insulini ipasavyo, sukari ikajaa kwenye damu. Kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula, kikirudiwa na kuthibitishwa, huonyesha ugonjwa.

Kisii na Nyamira, ushauri wa kwanza kati ya wagonjwa ni wa sahani, na ndivyo ipasavyo. Ugali wa wimbi, hata ukisifiwa vipi, bado ni wanga. Kipande kikubwa hupandisha sukari. Ndizi mbivu huipandisha upesi kuliko mbichi iliyopikwa. Mboga za chinsaga na managu zijaze nusu ya sahani. Zaidi ya chakula, mchuma majani chai mwenye kisukari hukagua miguu kila jioni, kwani ganzi ya ugonjwa huu huficha kidonda ndani ya gambuti.

Vidonge, hata hivyo, havigawanywi kati ya wagonjwa. Dozi inayomfaa mmoja yaweza kumshusha mwingine sukari chini ya milimoli 4 kwa lita, akatetemeka, akatoka jasho, hata kuzimia. Angali na fahamu, apewe maji ya sukari mara moja. Aliyeacha dawa kwa kusikia jirani kapona kwa mitishamba anahatarisha macho na figo. Tafadhali, arudi kliniki.